Baba mdogo kakutwa na kansa ya utumbo mdogo. Tuuze kiwanja aende India, au tuanzie wapi?

Kijana wa Kilosa

Wakuu heshima yenu. Nisiwachoshe, niende kwenye mada.

Baba yangu mdogo ana miaka 58, mkulima huku Kilosa. Mwaka jana wote alikuwa anatibiwa vidonda vya tumbo. Akipewa omeprazole anapata nafuu kidogo, anarudi shambani. Mara choo cheusi, mara kizunguzungu. Damu ikapimwa ikakutwa 6, akaongezewa, akaambiwa ni minyoo. Alishamezeshwa na ule mpira wa kamera, wakasema tumbo halina kitu.

Juzi tumbo likafunga kabisa. Hapitishi choo wala upepo, anatapika nyongo. Akapasuliwa usiku uleule. Daktari alipotoka akatuambia wamekuta uvimbe kwenye utumbo mdogo, ukubwa wa embe dodo. Wamekata kipande cha utumbo wakaunganisha, na "inaelekea ni kansa".

Familia imekaa kikao. Shangazi anataka tuuze kiwanja cha Morogoro aende India kabla haijasambaa. Kaka anasema aanze kemo (dawa za kuua seli za kansa) hospitali ya saratani ya Ocean Road wiki ijayo. Mama mdogo hataki hata kulisikia neno kemo. Mimi ndiye niko Dar, kwa hiyo wote wananitazama mimi. Hii kansa inatibiwaje? Kuna aliyepitia? Nawasilisha.

Siti ya Dirishani

Pole sana mkuu. Nimeweka kambi hapa, ngoja waje wataalamu.

Hadubini

Pole mkuu. Weka kando India na kemo kwanza. Hicho kipande walichokata kiko wapi sasa hivi?

Kijana wa Kilosa

Kiko wodini kwenye kopo lenye dawa. Walituambia tukipeleke wenyewe maabara kubwa, ila siku ile hela yote iliishia kwenye damu na dawa. Bado hakijapelekwa.

Hadubini

Basi kazi ya kwanza ni hiyo, na ni ya kesho asubuhi. Nafanya kazi maabara ya patholojia, makopo ya namna hiyo napokea kila siku, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Angalia kopo. Liwe na mdomo mpana na formalini ya kutosha, angalau mara kumi ya kinyama chenyewe. Nyama ikiwa imebanwa kwenye kichupa cha dripu kilichokatwa juu, dawa haifiki katikati na ndani inaoza. Usiweke friza, usiongeze maji wala spiriti. Jina la mgonjwa liandikwe ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Mwombe daktari aliyempasua ajaze fomu kwa mkono wake: uvimbe ulikuwa sehemu gani ya utumbo, ini lilionekanaje, na je, uvimbe ulipasuka wakati wa kuutoa? Swali hilo la mwisho utaona baadaye kwa nini ni zito.

Kikikaa muda mrefu bila kushughulikiwa, vipimo vya kina vinaanza kugoma. Kikishatengenezwa, kinyama kinagandishwa kwenye nta, tunaita bloku. Bloku inakaa miaka na inaweza kutumwa maabara nyingine yoyote. Hata mkienda India, kitu cha kwanza watakachoomba ni hiyo bloku na ripoti yake. Mkifika bila hivyo mtalipa hoteli mkisubiri vipimo vipya.

Daktari wa Zamu

Nakazia alichosema Hadubini. "Kansa ya utumbo mdogo" ni anuani tu, inakuambia uvimbe unakaa wapi. Ndani ya anuani hiyo wanaishi wapangaji wanne wakubwa, na tiba ya mmoja haimfai mwingine.

Kwanza niseme kwa nini alizungushwa mwaka mzima, msije mkamchukia kila aliyemtibu. Utumbo mdogo una urefu wa kama mita 6, na ugonjwa huu ni adimu, chini ya asilimia 5 ya kansa zote za mfumo wa chakula. Ule mpira wa mdomoni unaishia kwenye duodeni, yaani sehemu ya mwanzo kabisa. Wa kupitia nyuma unachungulia mwisho wake tu. Katikati kote huko kunabaki giza mpaka ufanye CT scan, au umeze kidonge chenye kamera (nacho haruhusiwi mtu mwenye dalili za utumbo kuziba, kitanasa). Ndiyo maana mtu anapungukiwa damu, choo cheusi, mpira unasema tumbo safi, na bado tatizo lipo. Mtu mzima mwenye hali hiyo asiishie kwenye dawa za minyoo.

Sasa wapangaji. Yupo adenokasinoma, anayeanzia kwenye ngozi ya ndani ya utumbo na kupenda duodeni. Yupo nyurondokrini, wengine wanaita kasinoidi, wa seli zinazotoa homoni, anayependa mwisho wa utumbo karibu na kidoletumbo. Yupo GIST, inayoota kwenye ukuta wa utumbo. Na yupo limfoma, kansa ya chembe za kinga.

Adenokasinoma ikiwa haijasambaa inakatwa pamoja na tezi za limfu zinazoizunguka, na mpatholojia anatakiwa apate tezi zisizopungua 8 za kupima. Tezi zikikutwa na ugonjwa, kwa kawaida kemo inafuata. Nyurondokrini inakatwa pia, lakini kemo za kawaida haziisumbui sana. GIST haitaki kukusanya tezi na kemo ya dripu haiigusi, ila ina vidonge vyake. Limfoma ni kinyume: kemo ndiyo tiba yenyewe, na kisu kinaingia pale tu utumbo ukiziba, ukitoboka au ukivuja damu.

Kwa hiyo kaka yako anayetaka kemo wiki ijayo, muulize: kemo ya nani kati ya hao wanne?

Mjukuu wa Mganga

Wakuu mnazungushana na Kizungu. Majani ya mstafeli, chemsha, kunywa asubuhi na jioni. Seli zote zinakufa bila kunyoa nywele. Hospitali hawawaambii kwa sababu ni biashara.

Siti ya Dirishani

Tulianza na kikombe cha Loliondo 2011, leo tumefika kwenye mstafeli.

Daktari wa Zamu

Mkuu, seli kufa ndani ya kisahani cha maabara si sawa na kansa kupona ndani ya mtu. Hata spiriti inaua seli kisahanini. Hakuna utafiti kwa binadamu ulioonyesha mstafeli unaponya kansa. Isitoshe una kemikali iitwayo annonasini, na huko Guadeloupe watafiti waliihusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kwa wanaotumia sana tunda na chai yake. Tunda lenyewe mgonjwa ale akipenda. Ninachokataa ni masufuria ya dawa juu ya kemo, kwa sababu ini linalochuja dawa zote hizo ni moja, na likianza kulegea kemo inasimamishwa.

Kama familia inatumia kitu, mwambieni daktari wenu bila aibu. Mimi humwambia mgonjwa alete hata ile chupa yenyewe.

Mchuna Majani

Salamu kutoka Limuru. Poleni sana, ndugu zetu wa Tanzania.

Mama watoto alikuwa na ile ya duodeni, adenokasinoma. Yeye hakuvuja damu, alianza macho kuwa manjano na kujikuna usiku kucha. Tulidhani ni ini. Kumbe uvimbe ulikuwa umeziba mlango wa nyongo. Walimfanyia upasuaji mkubwa unaoitwa Whipple: wanatoa duodeni, kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo na mwisho wa mrija wake, halafu wanaunganisha upya vyote vilivyobaki. Hapa ushauri wangu ni mmoja. Usikubali Whipple ifanywe na mtu anayeifanya mara moja kwa miaka miwili. Uliza bila woga: daktari, hii umefanya ngapi mwaka huu?

Baadaye alipewa CAPOX. Siku ya kwanza dripu ya oxaliplatin, kisha vidonge vya capecitabine asubuhi na jioni wiki mbili, wiki moja ya kupumzika, tena mwanzo. Nywele hazikwisha. Kilichomtesa ni baridi. Ilikuwa Julai, na mnajua Limuru ya Julai. Akishika maji ya bomba asubuhi, vidole vinachoma kama umeme, na akimeza kitu baridi koo linajifunga. Tulikuwa tunampashia hata maji ya kunawa uso, na glavu za sufu hakuzivua hata ndani ya nyumba. Vile vidonge navyo vilimpasua viganja na nyayo. Yeye anachuna majani chai, kwa hiyo ilibidi aache kwanza. Tulipowaambia kliniki wakapunguza dozi, ngozi ikarudi. Wengine huficha wakiogopa dawa itasimamishwa. Usifiche, ganzi ya vidole ikizidi inaweza kubaki moja kwa moja.

Sasa hivi anakula kidogo kidogo mara nyingi, na anameza vidonge vya vimeng'enya vya kongosho pamoja na chakula, la sivyo choo kinakuwa cha mafuta, kinaelea. Sukari pia wanampima. Bima ililipa sehemu, iliyobaki tulifanya mchango wa WhatsApp kama kawaida yetu.

Daktari wa Zamu

Asante mzee, umeeleza vizuri kuliko kitabu. Niongeze jambo moja kwa wenye adenokasinoma: ombeni bloku ipimwe MMR, yaani mfumo wa seli wa kurekebisha makosa ya jeni. Uvimbe wenye kasoro kwenye mfumo huo unaweza kuitikia dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumab, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2017 kwa vimbe za aina hiyo popote zilipo mwilini. Bei yake ni ya kutisha, sikudanganyi. Ila kipimo kina faida nyingine: kinaweza kufichua ugonjwa wa kurithi wa Lynch, na hapo ndugu wa damu wanatakiwa waanze kuchunguzwa utumbo mpana mapema.

Bi Mwanakombo

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, namuuguza mamangu. Yake ni hiyo kasinoidi.

Nataka niwaambie wenye wazee wenye dalili kama zake, kwani sisi tulipotea miaka. Uso ukimpanda joto ghafla, unakuwa mwekundu, tukasema ni mambo ya utu uzima. Akiharisha, tukasema amiba. Kifua kikimbana, akapewa dawa za pumu. Mpaka daktari mmoja akayaweka yote matatu pamoja, akaagiza mkojo wa saa 24 upimwe 5-HIAA, kemikali inayopanda mtu akiwa na kasinoidi. Kabla ya kukusanya mkojo akakatazwa ndizi, nanasi, parachichi na nyanya, kwani zinapandisha kipimo kwa uongo. Kwetu sisi chakula gani hicho kisicho ndizi wala nyanya! Siku zile alikula wali na samaki wa kukaanga mpaka akachoka.

Alipopimwa ilikuwa imeshafika kwenye ini. Tulilia tukajua ndo basi. Lakini huyu mdudu anakwenda taratibu, na mama yupo, anafuma kofia zake. Anachomwa octreotide ya kudumu kila baada ya wiki nne, tena kwenye nyama ya makalio. Kuharisha kumepungua sana na ule moto wa uso umekuwa wa nadra.

Sindano yenyewe ina adabu zake. Inakaa kwenye friji, tunaivusha kutoka Dar kwa boti ndani ya kipozeo. Inatolewa ifikie joto la chumba kwanza, ndipo unga unachanganywa na maji yake, na ikishachanganywa ichomwe papo hapo. Muuguzi akienda kupokea simu, dawa inaganda sindanoni na pesa yako imekwenda. Mie husimama palepale namtizama.

Daktari wa Zamu

Bi Mwanakombo, mwombee na kipimo cha moyo cha ECHO kama bado. Kemikali za kasinoidi hukakamaza valvu za upande wa kulia wa moyo, na miguu ikianza kuvimba watu wanasema ni uzee. Na akihitaji upasuaji wowote, hata wa jino, mtu wa nusukaputi aambiwe mapema kuhusu kasinoidi, maana bila octreotide ya kinga presha inaweza kuyumba vibaya mezani.

Ugonjwa ukisonga mbele licha ya sindano kuna vidonge vya everolimus, na kuna tiba ya lutesiamu: mionzi inabebwa na dawa inayoitafuta seli yenyewe. Utafiti wake mkubwa ulitoka 2017. Wagonjwa wengi wa kwetu wameifuata India au Afrika Kusini. Hapo shangazi wa Kilosa angekuwa na hoja ya kuuza kiwanja.

Fundi Redio

Na mionzi ya kawaida je? Jirani yetu alipigwa mionzi ya kizazi akapona kabisa.

Daktari wa Zamu

Kansa ya mlango wa kizazi na mionzi ni marafiki wa zamani. Utumbo mdogo ni habari nyingine. Unatembeatembea tumboni, na ngozi yake ya ndani ni laini sana, unaunguza kizima ukikifuata kibovu. Tunaitumia kwa nadra, mfano kutuliza maumivu au damu.

Kijana wa Kilosa

MREJESHO

Wakuu, kopo lilisafiri na basi mapajani mwangu, ndani ya mifuko miwili. Harufu ya ile dawa abiria wote walikohoa. Ripoti imetoka: uvimbe wa jejunamu (sehemu ya katikati ya utumbo mdogo), sentimita 9, seli za umbo la mche, "inashukiwa GIST, ifanyiwe imunohistokemia". Kiwanja bado kipo, shangazi amenuna. Hiyo imuno ndiyo nini tena?

Hadubini

Ni kipande chembamba cha bloku hiyohiyo kinachopakwa rangi zinazoshika alama za seli. Kwa GIST tunatafuta CD117 na DOG1. Kama maabara yenu imeishiwa rangi hizo, chukua bloku usaini, uipeleke inakofanyika. Usikubali kuanza dawa kwa neno "inashukiwa". Na ripoti iandike idadi ya seli zinazogawanyika. Isipoandika, irudishe.

Kijana wa Kilosa

MREJESHO 2

CD117 ipo, DOG1 ipo. Zinazogawanyika 8. Daktari aliyepasua anasema uvimbe ulitoka mzima. CT scan ya baada ya upasuaji haioni kitu kwenye ini. Kliniki wamesema hatari ya kurudi ni kubwa, anahitaji vidonge vya imatinib. Hakuna kemo ya dripu. Mama mdogo alisujudu palepale koridoni.

Daktari wa Zamu

Hongera kwa kufika hapo. Kwa utumbo mdogo, zaidi ya sentimita 5 na zaidi ya seli 5 zinazogawanyika ni kundi la hatari kubwa. Ungepasuka tumboni ingekuwa mbaya zaidi, ndiyo maana Hadubini alilitaka lile swali kwenye fomu.

Imatinib ni miligramu 400 mara moja kwa siku, kwa miaka 3. Utafiti wa nchi za Ulaya Kaskazini uliotoka 2012 ulilinganisha mwaka 1 na miaka 3, na waliokunywa miaka 3 waliishi zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, si kwa ugonjwa bali kwa afya. Mtu anajisikia mzima, analima, anaona dawa ya nini.

Ameze katikati ya chakula na glasi kubwa ya maji, asilale papo hapo. Akimeza na njaa atatapika. Kope zitavimba asubuhi, misuli ya miguu itakaza usiku, hayo ni ya kawaida. Balungi aache, linapandisha dawa kwenye damu. Picha ya damu na ini zipimwe mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo.

Kuhusu gharama: nakala za India zimeshusha bei sana kuliko zamani. Pia kampuni ya Novartis na Max Foundation wamekuwa na mpango wa kugawa dawa hii bure kwa wenye GIST na wenye saratani ya damu ya CML, Tanzania na Kenya zikiwemo. Uliza kliniki kama wanapokea wapya, na pita ustawi wa jamii hapohapo hospitali kabla hujalipa chochote. Ikitokea kurudi akiwa kwenye dawa, kuna sunitinib, kisha regorafenib. Na mkipata nafasi ya kupima jeni ya KIT kwenye ile bloku, pimeni, kwa kuwa aina chache haziitikii dozi ya kawaida.

Kijana wa Kilosa

Shangazi anauliza: India asiende hata kwa kuhakikisha?

Mchuna Majani

Mwambie tiketi moja ya kwenda Mumbai inalipa nauli za kliniki za miaka mitatu. Mgonjwa haponi kwa kupanda ndege.

Hadubini

Kama anataka maoni ya pili, bloku isafiri, baba abaki anapalilia.

Mama wa Geita

Samahanini kuingilia uzi. Mwanangu wa miaka 6 tumbo limevimba upesi sana, wiki chache tu. Tangu jana analia kwa vipindi, anatapika, na leo choo kina damu na ute. Dispensari wamempa dawa ya kuhara. Inaweza kuwa hii?

Daktari wa Zamu

Dada, acha kusoma uzi, mpeleke hospitali ya mkoa usiku huu. Utumbo unaweza kuwa umejiingiza ndani ya utumbo mwenzake, na kila saa inahesabika. Asile wala asinywe chochote mpaka aonwe. Dawa ya kuhara usimpe tena.

Kwa umri huo na ukanda huo, kitu kinachovuta utumbo hivyo wakati mwingine ni limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt akiwa Mulago, Uganda, mwaka 1958. Wengi wanaijua ya taya, lakini hutokea tumboni pia. Usitishwe na jina: inakua haraka mno na inaitikia kemo haraka vilevile, na watoto hupona. Wakimpasua, waambie kinyama kiende patholojia na uombe rufaa ya Bugando, wana kitengo cha saratani. Nimekutumia ujumbe wa faragha, nijibu ukiwa njiani nikusaidie cha kuwaambia mapokezi.